Ta ya Wanaongoja

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na adui mmoja duniani, na adui huyo hakuwa shetani. Alikuwa ta. Ile ta ya "nitapata", ya "nitajenga", ya "Mungu akipenda tutaonana". Alituambia kwamba ta ndiyo iliyotufanya sisi watu wa mto tubaki tulivyo, maana inakiweka kitu kule mbele na kukuacha wewe huku nyuma ukikitazama. Mwenye akili husema "nimepata". Husema "nimejenga". Hufumba macho, akakiona kitu chake kwa rangi na ukubwa wake, akamshukuru Mungu kana kwamba kimeshaletwa mlangoni. Kisha hana la kufanya zaidi, kitu chenyewe kinakuja.

"Ta ni ya wanaongoja," alikuwa akisema, na hilo neno "wanaongoja" alilitamka vile wengine wanavyotamka "walevi".

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Garsen. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya yake tangu nikiwa mwali, kule kijijini kwetu ukingoni mwa mto, kwa hiyo nina haki ya kusema. Isitoshe, nasema kama mtu aliyekatazwa kumwambia mteja "nitakumalizia kesho". Fundi wa nguo akinyang'anywa sentensi hiyo amebaki na nini? Nilijaribu siku chache kuwaambia wateja "nimeshakumalizia", nao wakaitaka nguo. Nikarudi kwenye ta yangu haraka sana, ila nje ya kanisa.

Ndani ya kanisa hapakuwa na njia. Ukiteleza ukasema "nitachelewa kidogo Alhamisi", mazoezi yanasimama. Mwalimu anaweka mikono nyuma, anakutazama kwa huzuni, anakungoja urekebishe. Nawe unasema, "Nimewahi Alhamisi." Hapo uso wake unanyooka. Naye mwenyewe alipotuaga hakusema tutaonana. Alisema, "Haya, tumeonana Jumapili," na hiyo ni Alhamisi jioni, mtu ana ndoo yake kichwani anarudi nyumbani. Mara ya kwanza nilidhani amechoka.

Alikuwa na kauli yake moja aliyoipenda kuliko zote, akaiandika kwa chaki juu ya mlango wa kanisa: "Kiambie kimefika, kitaona aibu kutokuja." Ilikaa pale miezi. Siku moja nikamwambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, naona hapo pana ta." Akainua macho, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanijibu, "Hiyo ta ni ya kile kitu, fundi. Si yangu." Na akaendelea kugawa sauti.

Hakuwa hivyo zamani. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya kama wengine, mkali, anayejua kuimba, na mwenye suruali fupi kidogo. Aliyapata haya Malindi. Alikwenda kwenye semina ya walimu wa kwaya, akamkuta huko mhubiri mmoja aliyewafundisha namna ya kuvuta baraka kwa fikra, akarudi na sauti mpya na chupa ya mafuta. Baada ya hapo simu yake ikawa haizimwi. Kila ukipita nyumbani kwake unasikia mtu anapiga kelele ndani ya simu kwamba akili ni sumaku. Mkewe anachambua mchicha, simu inamwambia yeye ni tajiri. Yeye anachambua tu.

Kila alfajiri Mwalimu alikaa juu ya mtumbwi wake mkuukuu uliopinduliwa, akaelekea mto, viganja juu ya magoti vimefunguliwa, macho yamefumbwa. Aliita hiyo "kutulia". Bahati mbaya mahali alipochagua kutulia palitazamana na pale wanawake wanapooga na kuteka maji. Alituapia kwamba macho yamefumbwa. Wanawake wakasema huenda yamefumbwa na huenda hayakufumbwa, wakahamia chini zaidi, kwenye ukingo mbaya wenye utelezi. Mamba nao wakahamia huko. Hivyo utulivu wa mtu mmoja ukawafanya wanawake wa kijiji kizima wateke maji wakiwa roho mkononi. Nilimwambia hilo pia. Akaniambia anawaona wanawake wote wakiwa salama, amewazungushia ukuta wa nuru. Mamba hawakuwa wamearifiwa habari za ukuta.

Lakini palipotia fora ni maziko. Kwaya yetu ilikuwa na wimbo wa maziko alioutunga mwenyewe miaka ya ujana wake, mzuri ajabu, na kiitikio chake kilisema tutavuka, tutafika, tutapumzika. Wazee walikuwa wameshaagiza uimbwe siku yao. Mwalimu akaupitia wimbo wake na kuufyeka ta zote. Tukamzika mama mmoja mkongwe huku tunaimba "tumevuka, tumefika, tumepumzika", kwa sauti nne, na besi wanarudia "tumefika" chinichini.

Mzee mmoja akainuka kwenye kiti chake kando ya kaburi, akainua fimbo.

"Simamisheni hapo," alisema. "Nani amefika? Aliyefika ni huyu mliyemlaza. Mimi sijafika popote, na sina haraka."

Watu wakacheka makaburini, jambo ambalo halifai. Mwalimu hakucheka. Alisema mzee amejifungia mlango kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee yule yupo hadi leo, anakula ndizi zake vizuri.

Tena kuna habari ya ng'ombe. Nikiwasimulia watu wa mbali huwa hawaniamini, lakini kila mtu Garsen anaijua.

Mwalimu aliamua kuvuta ng'ombe. Sisi kwetu ni watu wa mpunga, mahindi na ndizi, ng'ombe tunawaachia majirani zetu Waorma, wafugaji wenye kujua. Lakini mhubiri wa kwenye simu alikuwa amesema usiombe kidogo, na pia usiombe gizagiza: kione kitu chako hadi ukucha. Basi Mwalimu alikaa juu ya mtumbwi wake asubuhi nyingi akimtengeneza ng'ombe. Siku moja ya soko akakutana na mzee mmoja wa Kiorma wanayejuana naye, wakasalimiana, na mzee akauliza habari za nyumbani.

"Nzuri sana," Mwalimu akasema. "Nimepata ng'ombe."

Sasa, mtu wa kwetu ukimwambia umepata ng'ombe atasema hongera, ataendelea na njia yake. Mworma haendi. Kwake hakuna kitu kinachoitwa ng'ombe hivihivi. Yupo ng'ombe fulani, wa mama fulani, mwenye pembe fulani. Mzee akaegemea fimbo yake.

"Nani alipa wewe?"

"Mungu."

Mzee akalifikiria jibu hilo. "Rangi gani?"

Mwalimu akafurahi kuulizwa, maana hilo ndilo alilokuwa amelifanyia kazi. Akafumba macho palepale sokoni. "Mwekundu," akasema. "Ana doa jeupe kwenye paji. Pembe ya kulia imeinama kidogo hivi."

"Masikio?"

"La kushoto limekatwa ncha."

"Huyo wangu," mzee akasema. "Alipotea Ijumaa. Wapi yeye?"

Wakaishia kwa chifu. Mimi nilikuwepo, niliacha cherehani na nguo ya bibi arusi juu yake. Chifu akamwuliza Mwalimu ng'ombe yuko wapi. Mwalimu, ambaye hata hapo hakukubali kusema kwamba hana ng'ombe, kwa sababu kusema "sina" ni kosa kubwa kuliko ta, akajibu kwamba ng'ombe ameshafika kwake rohoni, ila huku nje yuko njiani.

"Njiani kutoka wapi?" chifu akauliza.

"Kutoka aliko."

"Na aliko ni wapi, Mwalimu? Mimi nakuuliza vizuri."

Vijana wa Kiorma wakaja kupekua boma lake, wakakuta kuku, na mkewe, ambaye aliwakaribisha chai. Siku mbili hivi baadaye ng'ombe mwekundu mwenye doa akaonekana maeneo ya Minjila, akila mahindi ya mtu asiyehusika kabisa. Mzee wa Kiorma akaja mwenyewe kuomba radhi, maana ni muungwana. Aliposimama kuondoka akamwambia Mwalimu: "Ng'ombe yako ni mzuri. Lakini wewe kunywa kwanza maziwa, halafu sema." Mwalimu wetu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepelekwa kwa chifu kwa ng'ombe wa kichwani.

Ungedhani alijifunza. Alichojifunza ni kwamba nguvu zake ni kubwa mno, amevuta ng'ombe wa watu bila kukusudia, na kuanzia sasa awe anataja kwamba anamtaka asiye na mwenyewe.

Vilevile nilimshonea sare. Kwaya ilikuwa inakwenda Hola kwenye mashindano, naye akaniletea vitambaa na kusema mgongoni nitarizi neno "MABINGWA". Nikamwuliza mabingwa wa lini. Akasema wa mashindano haya. Nikamwambia hayajafanyika. Akanitazama kwa ile huzuni yake. Nikatarizi, kwa uzi wa dhahabu, kwa sababu mimi ni fundi na kazi ni kazi. Hola tukashindwa na kila aliyekuja. Tukarudi barabara nzima tumevaa MABINGWA, na kila tuliposimama kununua maji watu walitupongeza, na ilitubidi tuseme asante. Sare zenyewe bado zinavaliwa. Kuna mmoja analimia.

Nimemcheka vya kutosha sasa niseme jambo la kweli: hakuna aliyejua kufundisha kuimba kama yeye. Na hapa ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa. Kwenye kuimba hakuvuta chochote kwa fikra. Hakuwahi kutuambia tufumbe macho tuione sauti ya pili ikiwa imekaa sawa. Alituimbisha mstari mmoja hadi midomo ikakauka, akatembea kati yetu akiinamisha sikio kwa kila mmoja, akajua ni nani aliyeshuka hata nusu ya nusu. Mimi nilikuwa na koo bovu, sauti inakwaruza. Alinikalisha nyuma ya kanisa msimu mzima wa mvua akinifundisha kupumua, akaniletea asali ya msituni, hakunidai hata shukrani. Mtu huyo alijua vizuri kabisa jinsi kitu kinavyopatikana duniani. Alijua kwamba hakiji mpaka ukitafute kwa jasho. Sijui kwa nini ujuzi huo aliuacha mlangoni mwa kanisa kila alipotoka.

Na aliyelipia upungufu huo ni mkewe.

Tulimwita Mama Mwalimu. Mwanamke mfupi, mwenye kusema kidogo na kutembea haraka. Mama Mwalimu alitaka kitu kimoja tu maishani, na hakukificha: alitaka kulala mahali ambapo mto haumfikii. Nyumba yao ilikuwa bondeni kabisa, karibu na shamba, na kila mto Tana ukifura maji yanaingia jikoni kwanza, kisha chumbani, kisha yanakaa. Amelea watoto juu ya meza. Wamekua, wameondoka, na meza bado ina alama za maji miguuni, moja juu ya nyingine.

Yale mafuriko makubwa ya juzijuzi yalipokuja hayakubakisha alama, yalichukua ukuta mzima wa upande wa mto. Sote tulikimbilia juu, kandokando ya barabara ya Minjila, tukaishi chini ya maturubai na mbu. Maji yalipopungua, wazee wa kijiji na kanisa wakakubaliana kukata viwanja kule juu, ardhi kavu, kwa kila nyumba iliyoharibika. Masharti yalikuwa mepesi: mwenye nyumba asimame barazani, mbele ya watu wanaomjua, aseme nyumba yake imeanguka na hana pa kulala. Basi. Majirani waitikie kwamba ni kweli.

Mama Mwalimu alikuja baraza ile na leso yake nzuri. Nilikaa karibu naye. Watu walisimama mmoja mmoja, wakasema, tukaitikia. Aliyekuwa anaendesha ni naibu wa chifu, kijana mgeni, hakuwa na muda wa kuwajua watu. Ikafika zamu ya Mwalimu.

Akasimama. Akafumba macho. Nikasikia Mama Mwalimu akivuta pumzi.

"Mimi," alisema Mwalimu, "nashukuru. Nimepata nyumba. Ya mawe. Ina mabati mekundu na baraza mbele, na iko pakavu. Sina upungufu wowote."

Watu walinyamaza kidogo. Naibu wa chifu akatabasamu, maana hatimaye amepata mtu asiyelalamika. "Hongera sana, Mwalimu. Mungu akuzidishie. Anayefuata!"

Sisi tukapiga kelele kwamba sivyo, mzee huwa anasema hivyo, ni mambo ya imani. Kijana wa watu akamgeukia tena, akamwuliza kwa upole: "Mzee, wewe una nyumba au huna?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Lina herufi chache sana. Na Mwalimu, mbele ya mkewe aliyekuwa amekanyaga matope tangu alfajiri, akasema, "Ninayo."

Nilimchukia siku hiyo, na sisemi kwa utani. Nilitamani nimvue kofia yake nimchape nayo. Mama Mwalimu alikunja leso yake taratibu, akaiweka begani, akatoka.

Walirudi bondeni. Mama akaziba ule upande wa mto kwa turubai na miti, Mwalimu akarudi juu ya mtumbwi wake, na mambo yakaendelea. Ila wiki chache baadaye kukatokea jambo geni. Mwalimu alikuja mazoezini amejaa furaha, hata akasahau kutusalimu.

"Mama amefunguka!" alisema. "Miaka yote hii nimemfundisha, hasikii. Ni nitapika, nitafua, nitakwenda shamba. Leo asubuhi amesimama mlangoni, peke yake, bila kuulizwa, akaniambia: 'Mzee, nimehama.' Mnasikia? Hajasema nitahama. Nimehama!"

Tukampigia makofi. Nikawatazama wanawake wenzangu wa sauti ya kwanza, nao wakatazama chini, na hapo nikajua kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama Mwalimu alikuwa amekwenda kwa wazee yeye mwenyewe, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mimi sina nyumba. Nyumba yangu imeanguka. Nitashukuru nikipewa kiwanja." Sina, na ta juu yake. Wakampa siku ileile, kwa jina lake. Wanawake wa kwaya wakaanza kumsaidia kukandika udongo, kila mmoja akiwa na nafasi, na mimi nikaongezwa kwenye siri hiyo kwa sababu nina mkokoteni.

Akaanza kuhamisha vitu kidogo kidogo. Leo sufuria, kesho jamvi, keshokutwa kinu. Hakujificha. Alipita navyo mbele ya mumewe akiwa juu ya mtumbwi, na kila asubuhi alimwambia neno lilelile: "Nimehama, Mzee." Naye akiwa amefumba macho anaitikia, "Amina!"

Alipofumbua macho akakuta nyumba inapungua, unadhani alishtuka? Alinieleza mwenyewe, huku uso unang'aa, kwamba vitu vya kale vinaondoka ili nafasi ifunguke kwa vipya. "Hata kinu kimeondoka, fundi," aliniambia. "Hujui jinsi mambo yanavyokwenda kasi." Nilikuwa nimekisukuma kinu hicho jana yake, mgongo bado unauma. Nikamwambia, "Naona, Mwalimu. Yanakwenda kasi sana."

Ilipofika kwenye mabati, kanisa lilikuwa linagawa ya msaada ya aina mbili, mekundu na yale ya kawaida. Mekundu ndiyo mazuri, mazito. Mama Mwalimu akayakataa. Nikamwuliza kwa nini.

"Mwanangu," alisema, "nikiezeka mekundu atasema ndiyo ile nyumba aliyoiona. Na mimi nimeikandika kwa mikono yangu hii."

Akaezeka ya kawaida.

Siku ya mwisho alibeba kuku na ile meza yenye alama za maji, mimi nikishika upande mmoja. Akasimama mbele ya mtumbwi. "Nimehama, Mzee," akasema. Akaitikiwa amina, tukaondoka. Mwalimu aligundua jioni, alipotaka chakula.

Watu walitaka kujua kama amemwacha mume. Yeye alisema hapana, hajamwacha mtu. Amehama, na alimwambia kila siku, na kila siku alikubaliwa. Barabara anaijua. Akitaka kuja, aje. "Lakini aje aombe," alisema. "Kwa mdomo wake. Nimechoka kuambiwa nimeshapata."

Mwalimu hakuomba. Aliendelea kufundisha kwaya kana kwamba hakuna lililotokea. Ukimwuliza Mama yuko wapi anasema, "Yuko nyumbani, amerudi." Akawa anakula ndizi za kuchoma na chai, na shati lake likawa na rangi ya mto. Kwaya ikapungua. Si kwa sababu ya kumchukia, ila ukimwona mtu anasema "amerudi" huku kola yake imeoza unakosa hamu ya kuimba. Mimi mwenyewe niliacha kwenda kwa muda.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza kule juu mlimani na maji ya mto kugeuka mekundu, nilishuka bondeni mchana mmoja. Nilikuwa na sababu: nilikuwa nimemshonea shati. Nilikuta maji yameshafika kwenye mtumbwi wake wa kutulia, yameunyanyua upande mmoja. Yeye alikuwa amekaa kizingitini.

"Karibu, fundi," alisema. "Mama yuko ndani anapika."

Nilitazama ndani. Mafiga yalikuwa makavu, hakuna hata jivu jipya. Nikampa shati. Alilishika magotini akalikunja, akalikunjua, akaangalia vifungo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali nimeyapanga, yote yakaniisha.

Tukakaa tukiyatazama maji. Kisha akasema, bila kunitazama, kwa sauti ndogo ambayo kama mmoja wetu angeitoa mazoezini, angesimamishwa aanze upya:

"Fundi. Nikienda... atanipokea?"

Niliisikia. Naye aliisikia, maana alifunga mdomo haraka kama aliyedondosha kitu. Ningeweza kumchokoza. Miaka yote hii nilikuwa naisubiri hiyo ta. Nilijua pia ni jibu gani angelitaka, kwamba ameshakupokea, Mwalimu, fumba macho umwone. Sikumpa.

"Sijui," nikamwambia. "Twende ukamwulize."

Akavaa shati jipya palepale, juu ya lile chafu. Tukapanda hadi barabarani, tukafika kule juu. Mama Mwalimu alikuwa jikoni kwake, nyumba kavu, nje amepanda mchicha kwenye mstari. Mwalimu akainua macho akayatazama mabati. Nikaona mdomo wake unafunguka. Nikaona unafungwa.

Akavua kofia. "Mama," alisema. "Sina nyumba."

Mama Mwalimu aliendelea kusonga sima. Hakugeuka hadi ilipoiva. Kisha alimtazama kuanzia kichwa hadi miguu iliyojaa matope, akamwonyesha kigogo kilicho nje ya mlango.

"Nimesikia," alisema. "Utangoja hapo."

Na Mwalimu wetu wa kwaya akaenda akakaa juu ya kigogo, kofia mkononi, akangoja.